Kwa nini injini za baadhi ya gari ndogo za mkononi zinanoki mapema

Ubishi huu hauishi. Mtu kanunua gari ndogo iliyotumika, ile ya kubana mafuta, dashibodi inasoma kilomita elfu tisini tu, miezi sita haijaisha injini imenoki. Hapo watu wanagawanyika. Mmoja anasema injini za siku hizi ni laini hazina maisha, mwingine anasema dereva kaiua mwenyewe, wa tatu anasema ni oili feki, na kila mmoja ana mfano wa jirani yake wa kuthibitisha. Mwenye gari anabaki katikati hajui ashike lipi.

Lilinikuta na mimi, ndo maana nimeamua kuliandika kwa kirefu. Ninachokiona baada ya kulifuatilia ni hiki: mara nyingi injini haijafa kwa sababu ni ndogo, imekufa kwa sababu sehemu fulani ndani ilikuwa inakosa oili kidogo kidogo kwa muda mrefu bila mtu kujua, au ilipikwa na joto siku moja ikafungwa ikauzwa. Na gari nyingi za kubana matumizi zimetengenezwa bila akiba kubwa ya kuvumilia hayo mambo mawili. Sasa tuende taratibu.

Kwanza maneno, manake tunayachanganya. Watu wanaita kila ugonjwa wa injini "kunoki". Hapa nikisema imenoki namaanisha beringi za krenki au za konrodi zimekula, injini inagonga ngo ngo ngo ukikanyaga mafuta, au imekamata kabisa haizunguki. "Kula oili" ni tofauti, hapo oili inapanda inapita pembeni ya pistoni inaungua pamoja na petroli, inapungua bila kuvuja chini. "Kuchemsha" ni joto kupita kiasi, na hiyo inaua zaidi sehemu ya juu, yaani silinda hedi na gasketi yake. Ni magonjwa matatu ila yanaitana, ukiwa na moja ukalipuuza lingine linafuata.

Kuelewa krenki na konrodi, fikiria mtu anaendesha baiskeli. Paja lake linapanda na kushuka, hilo ndo pistoni. Mguu kuanzia goti kushuka chini ni konrodi. Pedeli na ule mkono wake unaozunguka ndo krenki. Tofauti ni kasi. Injini ikiwa kwenye mzunguko wa 3,000 kwa dakika, ambao ni mwendo wa kawaida tu, krenki inazunguka mara 50 kwa sekunde moja. Kila silinda inalipua mara 25 kwa sekunde, na kwa injini ya silinda nne hiyo ni milipuko 100 kila sekunde. Kila mlipuko unaisukuma konrodi chini kwa nguvu, na ile nguvu yote inaenda kutua pale konrodi inapoikumbatia krenki.

Sasa watu wengi wakisikia beringi wanafikiria zile zenye gololi ndani. Hapa hamna gololi. Ni vibati viwili vyembamba vya nusu duara, vinakumbatia krenki, na katikati yake kuna nafasi ndogo sana, kama unene wa unywele au pungufu. Hiyo nafasi inajazwa na oili inayosukumwa na pampu. Umeshaona gari ikipita kwa kasi kwenye maji barabarani, tairi linapanda juu ya maji linaacha kugusa lami? Barabarani hiyo ni hatari, lakini ndani ya injini ndo uhai wenyewe, krenki inapanda juu ya oili, chuma hakigusi chuma. Oili ikiwepo na presha ikiwepo, kile kibati kinaweza kukaa miaka ishirini bila kuchubuka cha maana. Presha ikikatika sekunde chache tu wakati injini ina mzigo, chuma kinagusana na ule ulaini unaondoka, na haurudi tena hata ukiweka oili bora duniani.

Oili inasafiri hivi. Inakaa chini kwenye sampu (bakuli lililo chini ya injini), pampu inaivuta kupitia stena (wavu mdogo wa kuzuia takataka), inapita kwenye filta, inaingia kwenye vijia vyembamba vilivyotobolewa ndani ya bloki, inalisha beringi za krenki, inapanda juu kulisha kam shafti zinazofungua valvu, halafu inashuka yenyewe kurudi chini. Popote pakiziba, wanaofuata wanakaa na njaa. Huu wote ni mfumo mmoja wa bomba na oili yenyewe si nyingi, gari nyingi ndogo zina lita tatu na nusu au nne hivi.

Yangu ilikuwa ndogo ya silinda nne. Niliponunua nilivuta stiki ya oili kama kila mtu anavyofanya, nikaipangusa na kitambaa, nikachovya tena, oili safi rangi ya asali, nikafurahi. Kilomita zilikuwa chache, muuzaji ameongea vizuri, nikalipa. Mwezi wa nne taa ya oili ikaanza kuwaka kwa kupepesa, ila ni ikiwa sailensa tu (injini inanguruma bila kukanyagwa mafuta), na injini ikiwa ya moto. Nikikanyaga mafuta inazima. Nikadhani ni waya. Wiki moja baadaye ikaanza kugonga.

Fundi alipofungua sampu akaniita nichungulie. Ule wavu wa stena hauonekani. Umefunikwa na kitu cheusi kigumu kama lami iliyokauka, akapitisha bisibisi kikatoka kipande kama ganda. Palibaki tundu moja dogo pembeni ambalo oili ilikuwa inapitia, labda upana wa kidole kidogo. Oili ilikuwepo, tena imejaa hadi kwenye alama, na tena safi. Ila haikuwa inafika. Kumbe ile oili ya rangi ya asali iliwekwa siku chache kabla ya kuuza, na inawezekana kabisa ndiyo iliyomalizia kazi, manake oili mpya ina sabuni ndani yake ya kusafisha, ikikuta tope la miaka inalibandua vipande vipande, vipande vinaenda kukaa kwenye stena.

Hilo tope linatoka wapi? Hapa ndo penye jambo lenyewe, na ndo maana mtu akikuuliza gari ina kilomita ngapi anakuwa hajauliza swali la kutosha.

Petroli ikiungua inatoa moshi na mvuke wa maji. Kiasi kidogo kinapenya pembeni ya ringi za pistoni kinaingia chini kwenye oili, hiyo ni kawaida kwa kila injini. Ukisafiri mwendo mrefu oili inapata moto vizuri, maji na petroli vinageuka mvuke vinavutwa na hewa vinarudi kuungua, oili inabaki nzima. Lakini gari ya kwenda dukani na kurudi, kupeleka mtoto shule na kurudi, dakika tano tano, injini inazimwa kabla oili haijapata moto wa kutosha. Maji yanabaki, petroli inabaki, vinachanganyika na masizi na asidi, na dawa zilizomo kwenye oili zinaisha nguvu. Ukichelewa kubadilisha inaanza kuganda. Gari ya namna hiyo kilomita zake ni chache na matangazo yatasema "imetumika na mtu mmoja, kazini na nyumbani", wakati ndani imeteseka kuliko ya safari ndefu.

Foleni nayo. Piga hesabu hii: gari iliyotembea kilomita 100,000 kwa wastani wa kilomita 80 kwa saa, injini yake imefanya kazi saa 1,250. Nyingine imetembea hizohizo 100,000 ila mjini kwenye foleni kwa wastani wa kilomita 25 kwa saa, injini imefanya kazi saa 4,000. Dashibodi zinasoma sawa. Moja imefanya kazi zaidi ya mara tatu ya mwenzake, na kama zote zimebadilishwa oili kwa kufuata kilomita peke yake basi ile ya foleni oili yake imekaa kazini mara tatu. Na hapo bado hatujasema kilomita zilizorudishwa nyuma, maana hata Marekani mamlaka yao ya usalama barabarani inakadiria zaidi ya gari 450,000 kwa mwaka zinauzwa zikiwa na kilomita za uongo.

Kwa nini gari ndogo zaidi kuliko kubwa? Sehemu moja ni ya kibinadamu tu. Mtu ananunua gari ya kubana matumizi kwa sababu anataka gharama ndogo, na sevisi ni gharama, kwa hiyo inasogezwa mwezi huu hadi mwezi ujao. Anayepanga kuuza baada ya miaka mitatu hana sababu ya kuhangaika na kitakachotokea mwaka wa nane. Wewe wa pili au wa tatu ndo unapokea. Sehemu nyingine ni ya kiwandani, na hii watu wengi hawaijui.

Serikali zilianza kuwabana watengenezaji kwenye mafuta na moshi. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2009, wastani wa gari mpya usizidi gramu 130 za kaboni dayoksaidi kwa kilomita ifikapo 2015, kisha ukashushwa hadi gramu 95. Gramu moja moja inatafutwa popote. Ukipunguza msuguano ndani ya injini unapata chache, kwa hiyo ringi za pistoni zikafanywa nyembamba na zenye kubana kidogo, oili ikafanywa nyepesi, injini ikapunguzwa ukubwa ikawekewa turbo (feni ya kusukumia hewa zaidi ndani) ili nguvu isipotee, na muda wa kubadilisha oili ukarefushwa ili gharama ya matunzo ionekane ndogo kwenye vitabu. Kila moja peke yake inafanya kazi vizuri ikifuatwa masharti. Zikikaa pamoja, halafu mmiliki akachelewa sevisi mbili tatu, hamna pa kujificha. Injini ya zamani nzito ilikuwa inasamehe. Hizi zinadai.

Chukua ringi. Pistoni ina ringi tatu, mbili za juu zinazuia mlipuko usishuke, ya tatu kazi yake ni kukwangua oili kwenye ukuta wa silinda na kuirudisha chini kupitia vitundu vilivyo nyuma yake. Vile vitundu vikiwa vidogo au vikaziba na kaboni, ringi inakwama, oili inabaki ukutani inaungua. Hii iliwahi kuikumba hata Toyota ambayo watu wanaamini haikosei. Injini ya 1ZZ-FE ya lita 1.8, zile za miaka ya mwanzo kuanzia 1998, zilijulikana kwa kula oili kwa sababu vitundu vya pistoni havikutosha, baadaye pistoni ikabadilishwa muundo. 2AZ-FE ya lita 2.4 nayo ikaja na shida ya jamii hiyohiyo, na mwaka 2015 Toyota upande wa Marekani ikaongeza dhamana kwa magari husika, zikiwemo Camry za 2007 hadi 2009, ikarekebisha bure zile zilizokuwa zinakula zaidi ya kiwango.

Sasa hicho kiwango ndo kinatakiwa kukushtua. Kipimo chao kilikuwa kama lita moja kwa kila kilomita 1,900 hivi. Maana yake gari inayokula nusu lita kwa kila kilomita elfu moja ilikuwa mpakani tu mwa kuitwa mbovu. Weka hiyo kwenye gari ndogo yenye lita tatu na nusu. Ukifika kilomita elfu tano zimebaki lita moja. Elfu saba, sampu imekauka. Na kwenye stika ya fundi imeandikwa rudi baada ya elfu kumi. Gari haivujishi hata tone, moshi hauonekani vizuri kwa sababu siku hizi katalisti kwenye ekzosi inauchuja mwingi, na dereva anasubiri stika.

Anasubiri na taa ya oili pia. Hii imani imeua injini nyingi kweli. Ile taa nyekundu yenye picha ya kopo kwenye gari nyingi haipimi oili imebaki kiasi gani, inapima presha, na inawaka pale presha imeshuka karibu na kuisha kabisa. Ikiwaka unaendesha, beringi tayari ziko taabani. Usisogee hata mita mia kutafuta kivuli, zima palepale. Kiasi cha oili kinapimwa na stiki, mkono wako na kitambaa, injini imepoa, gari iko sehemu tambarare.

Kuna aina nyingine ya balaa imeingia miaka ya karibuni, belti ya taimingi inayokaa ndani ya oili. Belti ya taimingi kazi yake ni kufunganisha krenki na kam shafti ili valvu zifunguke kwa wakati wake, na kwenye injini nyingi ikikatika valvu zinagongana na pistoni, hiyo watu wanaijua. Ya kawaida inakaa nje, kavu. Hii ya ndani inaloweshwa na oili ili izunguke kwa ulaini. Shida ni pale petroli inapochanganyika na oili kwa zile safari fupi nilizosema, au mtu anapoweka oili isiyo ya aina iliyoagizwa: mpira unavimba, unaanza kumenyeka, vipande vinashuka kwenye stena. Unarudi palepale kwenye wavu uliozibwa, ila sasa umezibwa na mpira. Injini ya PureTech ya lita 1.2 ya silinda tatu, iliyofungwa kwenye Peugeot na Citroën nyingi ndogo, ilishinda tuzo ya injini bora ya mwaka kwenye kundi lake mara nne mfululizo kuanzia 2015 hadi 2018, na ndiyo hiyohiyo ambayo mwaka 2024 kampuni mama, Stellantis, ilibidi iirefushie dhamana hadi miaka 10 au kilomita 175,000 kwa sababu ya belti na kula oili, kwa sharti kwamba sevisi zilifuatwa. Toleo lake jipya limerudi kwenye cheni.

Na kuna siku ambazo dereva hana kosa lolote, hili lazima lisemwe maana watu tunapenda sana kumlaumu mwenye gari. Septemba 2015 Hyundai iliita Sonata takriban 470,000 za Marekani, za 2011 na 2012, zirudishwe kurekebishwa, kwa sababu vinyuzi vya chuma vilibaki kwenye vijia vya oili vya krenki wakati wa kuichonga kiwandani. Hivyo vipande vinasafiri na oili, vinaziba, beringi inakufa hata kama mwenye gari anabadilisha oili kila mwezi. Jambo likapanuka likaigusa na Kia, na mwaka 2020 kampuni hizo mbili zilikubaliana na mamlaka ya Marekani kuhusu faini za jumla ya dola milioni 210 kwa kuchelewa kuita magari na kutoa taarifa zisizo sahihi. Sonata sio gari ndogo sana, ila injini ya namna hii ukiinunua kwa mkono wa tatu huna habari kama iliitwa na kama ilipelekwa. Namba ya chesisi inaweza kukwambia, nchi nyingi mtengenezaji ana ukurasa wa kuangalia bure, na ni dakika mbili tu.

Nihamie kwenye joto, kwa kifupi ila lisipuuzwe. Hedi za gari ndogo karibu zote ni aluminiamu, nyepesi, inapoza haraka, lakini ikipata moto inatanuka kama mara mbili ya chuma cha kumimina cha bloki za zamani. Ikizidi inapinda, gasketi inaachia, maji yanaingia kwenye silinda au kwenye oili. Oili ikichanganyika na maji inakuwa kama maziwa, na ule ulaini wa beringi unaondoka, ndo nilivyosema magonjwa haya yanaitana. Mfuniko wa rejeta watu wanauona kama kizibo tu, kumbe unashikilia presha, na presha ndo inafanya maji yasichemke kwenye nyuzi 100 bali yafike kama 120. Mpira wake ukilegea injini inaweza kuchemsha wakati rejeta ni nzima, feni ni nzima, pampu ni nzima. Maji matupu badala ya kulanti (maji ya rejeta yenye dawa) yanaleta kutu na chumvi, mwishowe njia zinaziba.

Halafu kuna mshale wa joto. Kwenye gari nyingi za sasa mshale umefungiwa kwa makusudi ukae katikati hata joto likipanda na kushuka kidogo, ili dereva asiwe na wasiwasi, na gari ndogo nyingi hazina mshale kabisa, kuna taa ya bluu na nyekundu tu. Kibaya zaidi, maji yakiisha kabisa ile sensa inabaki hewani, inaweza kusoma baridi wakati hedi inaungua. Kwa hiyo ukiona mshale umepanda halafu ghafla umeshuka wenyewe huku hita imeanza kutoa hewa ya baridi, usishukuru, simama.

Sasa haya mengine yanayosemwa vijiweni. Kwamba injini ndogo inachoka kwa sababu ni ndogo, sio kweli kwa jumla. Zile 1.5 za Prius za mwanzo zilifanya kazi ya teksi kwenye miji mingi na nyingi zilivuka kilomita 300,000, hamna turbo, taimingi ni ya cheni sio belti ya mpira, oili inabadilishwa kwa wakati kwa sababu gari ni kazi ya mtu. Udogo sio ugonjwa. Udogo ukiwa na turbo na oili ya mwaka mzima, hapo ndo kuna shida, maana ile turbo inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika na inaogea oili ileile.

Kwamba oili nzito inatibu injini inayokula oili. Inapunguza kelele na inapunguza kula kwa muda, ndo maana wauzaji wengine wanaiweka kabla ya kuuza. Lakini vijia na mfumo wa kuchezesha muda wa valvu vimepimwa kwa oili nyepesi, asubuhi injini ikiwa ya baridi ile nzito inachelewa kufika juu, na uchakavu mwingi unatokea hapohapo kwenye kuwasha. Kitabu cha gari kikiruhusu daraja la juu kidogo kwa sehemu za joto, vitabu vingi vinaruhusu, sawa. Kurukia nzito sana kwa sababu jirani kasema, hapana.

Kwamba oili nyeusi ni mbovu na ya rangi ya asali ni nzuri. Oili inayosafisha vizuri inakuwa nyeusi mapema, ndo kazi yake, kubeba uchafu. Mimi niliuziwa rangi ya asali.

Kuhusu zile dawa za kuosha injini kwa ndani, kwa injini iliyotunzwa hazina haja na kwa injini yenye tope zinaweza kubandua kila kitu kwa mkupuo. Nilishaona stena moja, sitaki kuona nyingine. Kama unashuku tope, oili nzuri ya aina iliyoagizwa, ibadilishwe mapema baada ya kilomita elfu moja au mbili, filta nayo, tena na tena, tope litoke polepole. Na kama unaweza kulipia kufungua sampu, fungua.

Siku ya kununua, ninachofanya sasa ni tofauti kabisa na zamani. Naomba gari isiwashwe kabla sijafika, naweka mkono kwenye boneti, ikiwa ya moto naahirisha, maana injini ya moto inaficha. Nafungua mfuniko wa kuwekea oili namulika na tochi ya simu mle ndani kwenye kam shafti, sio kwenye stiki. Chuma kikiwa na rangi ya kahawia ya dhahabu hiyo ni kawaida ya umri, ikiwa ni nyeusi na kuna magamba pembeni nafunga nashukuru naondoka. Nafungua rejeta ikiwa ya baridi naangalia rangi ya maji na kama kuna mafuta yanaelea. Halafu ndo nawasha, naacha simu, nasikiliza zile sekunde tatu za kwanza: taa ya oili inatakiwa izime upesi na kelele za juu ziishe upesi. Inayogonga sekunde tano sita halafu ikatulia inasema kitu. Naiacha ipate moto hadi feni iwake, dakika ishirini hivi, nairudia ile taa ikiwa sailensa na ya moto, kwa sababu hapo ndo ya kwangu ilipojitangaza.

Ile injini yangu haikupona. Fundi alinipa kimoja cha vile vibati vya konrodi nikashika mkononi, upande mmoja bado una rangi ya fedha, katikati imechubuka hadi shaba imetokeza. Tulitafuta injini nyingine iliyotumika, na nilimwambia muuzaji silipi mpaka sampu ifunguliwe ikiwa bado iko sakafuni. Alikataa, tukaenda kwa mwingine. Huyo akakubali, akakunja mikono ya shati, akafungua boliti moja moja, akaipindua. Ule wavu ulikuwa unaonekana uzi kwa uzi, mwanga unapita upande wa pili. Hapo ndo nikatoa hela.